Unga wa Watu Wanne: Kisa cha Mkate Uliokataa Kushikana

Mama wa familia hii aliniletea mkate kabla hajaniletea maelezo. Aliuweka mezani, akaukata, na kipande kikabomoka chote kabla hakijafika sahanini. "Mwalimu," akasema, "huu ni wa tisa. Watoto wameukataa, na mimi ninayeuhitaji zaidi haunipiti kooni."

Nafundisha watu kuoka bila ngano, na mikate iliyobomoka nimeiona mingi. Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu ndani ya mkate ule mmoja mlikuwa na matatizo matatu tofauti, na kwa miezi mitano familia ilikuwa ikiyatibu yote matatu kwa dawa moja: kubadilisha pakiti ya unga.

Nyumbani wako wanne. Mama ana ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni, yaani protini ya ngano na ya nafaka za shayiri na rai, huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. Ulithibitishwa kwa kipimo cha damu na kwa kipande kidogo kilichochukuliwa kwenye utumbo mwembamba. Binti wa miaka 9 ana mzio wa karanga na wa mayai. Baba hana ugonjwa wenye jina, ila akila vyakula vya jamii ya kunde tumbo hujaa gesi hadi usiku wa manane. Kijana wa miaka 14 anakula kila kitu, tena kwa wingi.

Swali langu la kwanza halikuhusu unga. Niliuliza kama watoto wameshapimwa siliaki. Ndugu wa damu wa karibu wa mgonjwa wana uwezekano mkubwa wa kuwa nayo kuliko watu wengine, na kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza mtu anapokula gluteni. Nyumba nzima ikiacha ngano kwanza, kisha watoto wakapelekwa kupimwa baadaye, majibu yanaweza kuonyesha salama mahali pasipo salama. Walikuwa wameshapimwa kabla ya mabadiliko yoyote, na hawakuwa nayo. Nilishusha pumzi. Familia nyingi hufika kwangu zikiwa zimeshairuka hatua hiyo.

Kisha nikaomba wanihadithie mikate yote tisa, mmoja baada ya mwingine.

Ya kwanza mitatu ilikuwa ya unga wa mchele peke yake. Mchele hauna gluteni, unapatikana, ladha yake haimsumbui mtu. Lakini unga wake ukiwa wa kusagwa kwa chenga husagika mdomoni kama mchanga, na peke yake hauna kitu cha kuushikanisha. Mikate miwili iliyofuata ilikuwa ya unga wa dengu. Hiyo ilishikana vizuri, kwa kuwa dengu ina protini nyingi, na mama akadhani amefika. Baba alivumilia siku nne. Dengu, kama kunde nyingine, ina sukari za minyororo mifupi ambazo utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Hushuka hadi utumbo mpana na huko bakteria huzichachusha. Kwa mtu mwingine ni kelele ndogo ya tumbo. Kwa baba ni usiku bila usingizi.

Mkate wa sita ulitoka kwenye pakiti ya unga uliokwisha changanywa, ulioandikwa kwamba hauna gluteni. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Binti alikula vipande viwili, midomo ikaanza kuwasha, vipele vikamtoka shingoni. Walimpa dawa aliyoandikiwa na daktari wake, wakampeleka hospitali, akatulia. Usiku ule mama alisoma orodha ya viambato mara nne asione karanga, asione yai. Kilichokuwemo ni lupini. Lupini ni mbegu ya jamii ya kunde, na unga wake hutiwa kwenye michanganyiko ya namna hii ili kuongeza protini na rangi ya manjano inayopendeza. Protini zake zinafanana na za karanga kiasi kwamba baadhi ya wenye mzio wa karanga hudhuriwa na lupini pia, na Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye orodha ya vitu 14 vya mzio ambavyo ni lazima vitajwe kwenye chakula. Pakiti ilikuwa imeitaja. Familia haikujua kwamba jina hilo linawahusu, na hakuna aliyekuwa amewaambia. Jambo hili liliniuma. Mama alikuwa amefanya kila kitu alichofundishwa kufanya.

Baada ya usiku ule aliapa hatanunua tena unga uliochanganywa na mtu mwingine. Alinunua mtama wa punje, akaupeleka kwenye mashine ya kusaga, akaoka mikate mitatu ya mwisho. Mkate uliokuwa mezani kwangu ulikuwa wa mtama huo.

Robo gramu

Kabla hatujagusa bakuli niliomba nisikie habari za afya ya mama. Alisema kuharisha kumerudi, na kipimo chake cha mwisho kilionyesha kingamwili bado ziko juu. Kingamwili hushuka polepole, mara nyingi huchukua miezi sita hadi mwaka na hata zaidi, kwa hiyo namba ile peke yake isingenitia wasiwasi. Dalili zilizorudi ndizo zilizonifanya niulize: mashine iliyosaga mtama husaga nini kingine?

Husaga ngano.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi huumia bila kujua. Kiwango cha kimataifa cha Codex Alimentarius kinaruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni kikiwa na si zaidi ya miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Unga wa ngano una protini kama asilimia 10, na sehemu kubwa ya protini hiyo ni gluteni. Ukipiga hesabu utaona kwamba miligramu 20 zimo ndani ya takribani robo gramu ya unga wa ngano. Robo gramu ni vumbi la kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Vumbi hilo linatosha kuifikisha kilo nzima ya mtama safi kwenye ukomo huo. Sasa fikiria mashine iliyotoka kusaga gunia la ngano: kinachobaki kwenye mawe, kwenye mdomo wake na kwenye kitambaa cha kutolea unga si robo gramu. Ni vijiko.

Jikoni kwao tulikuta mengine mawili. Chekecheo lilikuwa lile lile la zamani, na waya wa chekecheo hauoshwi ukatakata. Unga hukaa kwenye maungio ya ukingo. Tosta ilikuwa moja, na kijana alikuwa akiendelea kuchoma mkate wake wa ngano humo. Nilimwona mama akimtazama mwanawe, na kijana akiangalia chini. "Mama, sikujua," akasema. Kweli hakujua. Tulinunua chekecheo jipya, mwiko mpya na tosta ya pili, na mtama tukaanza kuutafuta kwa wasagaji wasiogusa ngano, shayiri wala rai, au ulio kwenye pakiti iliyopimwa. Beking pauda nayo tulisoma: baadhi hutiwa wanga wa ngano ili isigande. Yao ilikuwa na wanga wa mahindi, ikabaki.

Hilo lilikuwa tatizo la kwanza, na halikuwa na uhusiano wowote na kubomoka kwa mkate. Mkate ungeweza kushikana kama wa ngano na bado ukamdhuru mama.

Kazi iliyobaki bila mfanyakazi

Tatizo la pili lilikuwa kuchagua. Mama alikuja na swali ambalo karibu kila mtu huja nalo: unga gani unachukua nafasi ya ngano? Nilimwambia kwamba hakuna, na nikamweleza sababu, kwa kuwa asiyeijua sababu atazunguka madukani miaka.

Unga wa ngano ukikutana na maji, protini zake mbili, gliadini na glutenini, hushikana na kufanya wavu. Wavu huo unafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja: unazuia gesi ya hamira isitoroke, unavutika bila kukatika, unabeba uzito wa wanga, na ukiiva unasimama. Ukiondoa ngano umewafukuza wafanyakazi wote hao siku moja. Unga mmoja mwingine hauwezi kuzijaza nafasi zote. Lazima ugawe kazi: mmoja wa kutoa mwili na ladha, mwingine wa kulainisha na kushikanisha ukiiva, na kitu cha tatu, kisicho unga kabisa, cha kushika gesi.

Kwa wengine kazi ya kushika gesi hupewa yai. Kwao yai lilikuwa haramu kwa sababu ya binti, na hapo ndipo kisa hiki kikawa kigumu kuliko vingi. Kukosa gluteni na yai pamoja ni kujenga nyumba bila nguzo wala kuta.

Tuliandika karatasi ya kile kisichowezekana. Ngano na ndugu zake zote, pamoja na spelta, ambayo watu huuziana kama nafaka ya kale isiyo na madhara ilhali ni ngano: hapana. Dengu, soya, lupini: hapana, kwa ajili ya baba na binti. Unga wa lozi na korosho: daktari wa binti hakuwa amemaliza vipimo vya njugu za miti, kwa hiyo hapana mpaka amalize. Oti: protini yake si ile ya ngano na wagonjwa wengi wa siliaki huivumilia ikiwa safi, lakini wachache hawaivumilii, na sikutaka kuiingiza mama akiwa bado na dalili. Kilichobaki kilitosha: mtama mweupe, mchele, mahindi, ulezi, wanga wa viazi, wanga wa muhogo.

Nisimamishe msomaji kwenye majina hayo mawili ya mwisho, maana kosa lake ni la kawaida sana. Wanga wa muhogo si unga wa muhogo. Unga ni muhogo mzima uliokaushwa na kusagwa, una nyuzinyuzi na hunywa maji mengi. Wanga ni ile sehemu nyeupe iliyochujwa ikatuama, laini, ambayo huvutika ikipata joto. Viazi navyo vivyo hivyo. Unga wa viazi vilivyopikwa na kukaushwa ukiutia mahali pa wanga wa viazi, donge litageuka gundi.

Mchele nilitaka uwepo lakini usitawale. Mmea wa mpunga hufyonza arseniki kutoka kwenye udongo na maji kuliko nafaka nyingine, na mtoto wa miaka 9 anayekula mkate wa mchele, keki ya mchele na biskuti za mchele kila siku anakusanya zaidi ya anavyostahili. Isitoshe, mchele mweupe na wanga vina nyuzinyuzi na madini haba, na mama alikuwa ametoka hospitalini na upungufu wa chuma. Kwa hiyo mtama ukapewa kiti cha mbele.

Mikate minne ya pamoja

Jambo la kwanza nililofanya jikoni ni kuweka kabatini kikombe ambacho mama alipimia unga, na kutoa mizani. Alishangaa. Tukapima pamoja: kikombe kile kile kikijaa unga wa mchele, kisha wanga wa muhogo, kisha wanga wa viazi, mizani ikasoma namba tatu zilizoachana kwa makumi ya gramu. "Kumbe nilikuwa naoka mkate tofauti kila siku," akasema. Ndivyo. Nusu ya kukata tamaa kwake kulitoka kwenye kikombe hicho.

Mkate wa kwanza niliuacha auchanganye atakavyo, na alitia wanga mwingi, asilimia 70, kwa kuwa alikuwa amechoka na uzito. Uliumuka vizuri na ulikuwa mweupe. Kesho yake ulikuwa chaki. Wanga ukiiva hufyonza maji na kufunguka. Ukipoa hujikunja upya na kukauka, na mkate usio na gluteni hufanya hivyo haraka zaidi. Kadiri wanga unavyozidi ndivyo kesho inavyokuwa mbaya.

Wa pili tuliegemea upande wa pili, mtama asilimia 60. Ladha ilikuwa nzuri, yenye utamu wa nafaka, lakini mkate ulikaa chini kama jiwe na ulikatika kwa makombo. Hapo tukajua mpaka uko wapi.

Wa tatu tulifika kwenye mgawanyo ninaouamini, tukaingiza maganda ya siliamu yaliyosagwa kuwa poda. Siliamu ni ganda la mbegu linalokunywa maji mara nyingi ya uzito wake na kuwa jeli nzito inayovutika. Katika mkate usio na gluteni wala yai, sijaona kinachoikaribia. Gundi ya zanthani, poda inayofanya rojo kuwa nzito, tuliijaribu kwenye keki, ambako inatosha, ila kwa mkate wa hamira siliamu huacha donge ambalo unaweza kulishika na kuliumba kwa mkono. Hata hivyo mkate wa tatu ulipasuka juu na ndani ukawa mnene. Kosa lilikuwa maji. Mama alitia maji ya kipimo cha ngano, asilimia 65 ya uzito wa unga, kwa sababu mikono yake miaka yote imezoea donge la ngano. Siliamu ilikunywa yote na wanga ukabaki na kiu. Huku maji ya kulingana na uzito wa unga, au kuzidi kidogo, ndiyo ya kawaida.

Wa nne ndio huu:

Unga wa mtama mweupe gramu 140
Unga laini wa mchele gramu 100
Wanga wa viazi gramu 80
Wanga wa muhogo gramu 80
Poda ya maganda ya siliamu gramu 20
Sukari gramu 12, chumvi gramu 7, hamira kavu gramu 7
Mafuta gramu 20, siki kijiko kimoja cha chai
Maji ya uvuguvugu gramu 420

Siliamu hutiwa kwenye maji kwanza na kukorogwa upesi, ikae dakika tano iwe jeli. Ukiitupa kwenye unga mkavu hupata mabonge. Vitu vikavu vichanganywe pembeni, kisha viingie. Hakuna kukanda kwa maana ya kujenga wavu, kwani hakuna wavu. Unachanganya mpaka pasibaki unga mkavu, na basi. Donge linaingia kwenye chombo mara moja na kuumuka mara moja, kama dakika 45, mpaka limepanda kwa nusu hivi. Ukilisubiri liwe mara mbili kama la ngano litapanda kwa furaha, kisha lianguke ndani ya oveni.

Oveni nyuzi 220 kwa dakika 20, kisha 200 kwa dakika 40 au zaidi. Mama alitaka kuutoa mapema kwa kuwa gome lilikuwa limeshapiga rangi. Nilichoma kipimajoto katikati kikasoma 91. Tuliurudisha hadi ukafika 97. Maji yakiwa mengi kiasi hiki, rangi ya nje haikuambii kitu kuhusu ndani, na mkate uliotolewa mapema huwa na ukanda wa gundi chini ambao watu hudhani ni kosa la unga. Kilichokuwa kigumu zaidi kwa familia ni kungoja saa mbili upoe kabla ya kukata. Kijana alizunguka meza mara sita.

Ulikatika vipande vyembamba bila kubomoka. Binti alikikunja kipande chake kama kitabu, akakifungua, akakikunja tena, akamwonyesha baba yake. Mama hakusema kitu. Alikula akiwa amesimama.

Kilichofuata

Tatizo la tatu lilikuwa kutaka mchanganyiko huo huo ufanye kila kitu. Keki iliyookwa kwa unga wa mkate ilikuwa nzito na yenye ladha ya mtama kupita kiasi. Kwa hiyo sasa wana makopo mawili. La pili ni unga laini wa mchele nusu, mtama asilimia 20, na wanga mbili asilimia 15 kila mmoja, pamoja na gramu tano za zanthani kwa kila kilo. Rojo ya pankeki huachwa nusu saa kabla ya kupikwa ili mchele unywe maji, na ule usagikaji wa mchanga huondoka karibu wote. Mahali pa yai wanatumia kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za kitani zilizosagwa na vijiko vitatu vya maji. Pankeki hutoka vizuri. Keki bado hubonyea katikati. Tumepunguza ukubwa wa chombo na sasa wanaoka keki ndogo ndogo, ambazo zinasimama.

Mkate hukatwa wote siku ile ile na kuwekwa friza, vipande vikitolewa kwa idadi inayohitajika na kuchomwa. Jokofu la kawaida wanaliepuka, kwa kuwa baridi ile isiyogandisha ndiyo inayoharakisha kukauka. Kuharisha kwa mama kulikoma wiki chache baada ya mtama wa mashine ile kuondoka nyumbani. Kingamwili zake atazipima tena kwa tarehe aliyopewa na daktari wake.

Juzi alinipigia kuuliza kama ulezi unaweza kuchukua sehemu ya mtama, kwa ajili ya madini ya kalsiamu ambayo ulezi unayo kwa wingi na ambayo yeye anayahitaji kwa mifupa yake. Nimemwambia aanze na gramu 70, nusu ya mtama, asitarajie mkate mweupe, na aongeze maji gramu 20 tu mpaka alione donge kwa macho yake.